Njia Mbovu Isilipwe na Miguu ya Watu: Rudisheni Parashoki

KASONGO, Maniema ya kusini. Simama asubuhi mahali gari zinapopakia abiria wa Nyangwe na wa Kabambare, uzihesabu jipu ndogo zinazofika: RAV4, CR-V, X-Trail. Kisha hesabu zile ambazo bado zina parashoki mbele na nyuma. Hesabu ya pili itakuwa fupi kuliko ya kwanza. Nyingine zimebaki meno wazi: radiateri iko nje, nyaya zinaning'inia, ncha za chuma zimechomoza pale ulipokuwa uso wa gari. Nyuma nako ni vivyo hivyo, mashimo na kutu.

Watu wameizoea sura hiyo. Wenye gari husema parashoki, au bampa kama wanavyoiita waliopita Kalemie na Tanzania, ni pambo la miji yenye lami, na huku kwenye tope haina kazi. Hapana. Parashoki si pambo. Anayeing'oa na kuendelea kupakia watu amepunguza hasara yake na kumtwisha mwingine, naye ni yule anayetembea kwa miguu kando ya njia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sababu za mashofa

Haki itendeke kwanza. Mashofa hawaing'oi kwa utundu. Jipu hizi ndogo zina umbo la gari ya milima, lakini zilitengenezwa kwa barabara za mjini. Mdomo wa mbele umeshushwa chini ili upepo upite vizuri na mafuta yasiliwe sana. Sasa ipeleke gari hiyo upande wa Kabambare wakati wa mvua, mahali ambapo malori yamechimba mifereji miwili mirefu na kuacha mgongo wa udongo katikati. Mdomo unalima tope kama jembe. Vibanio vya plastiki vinakatika kimoja kimoja, upande mmoja unalegea, na shofa akirudi nyuma ili ajinasue, tope linaishika parashoki na kuibandua kama ganda la ndizi.

Kuipata nyingine si jambo la siku moja. Vipuri vinatoka mbali, Bukavu, Kalemie, Bujumbura, hata Dar es Salaam, na kitu kirefu cha plastiki hakipandi pikipiki kwa urahisi. Basi mwenye gari anasema afadhali aitoe mapema, aiweke nyumbani au aiuze, kuliko kuokota vipande vyake njiani. Hesabu yake ya pesa ni sahihi. Kosa ni kwamba ndani ya hesabu hiyo amejiweka yeye na gari yake tu. Watu wengine hawamo.

Kilichomo nyuma ya plastiki

Wengi wakisikia parashoki wanafikiri ni kile kipande kilichopakwa rangi. Kile ni ngozi tu. Katika gari za aina hii kwa kawaida kuna matabaka matatu. La kwanza ni ngozi ya plastiki. La pili ni povu gumu na jepesi lililokaa katikati. La tatu ni mfupa: boriti ya chuma au ya alumini iliyofungwa kwa buloni kwenye ncha mbili za chasi. Makanika anayeng'oa vyote vitatu na kuvitupa pembeni kama takataka moja hajafanya kazi moja. Ameondoa kinga tatu.

Ngozi na povu ndivyo vinavyokutana kwanza na mguu wa mtu, na ulaini wake haukuja kwa bahati. Mwezi wa Novemba 2008, huko Geneva, nchi zilipitisha chini ya Umoja wa Mataifa kanuni ya dunia kuhusu usalama wa waendao kwa miguu. Katika kipimo chake, mguu wa bandia hurushwa kwenye parashoki kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ili ionekane goti na mfupa wa muundi vitapatwa na nini. Gari nyingi zinazozunguka huku ni za zamani kuliko kanuni hiyo. Hata hivyo, ngozi ya gari ya zamani na povu lake bado ni afadhali mara nyingi kuliko ncha ya chuma iliyo uchi.

Mfupa nao una kazi yake. Gari ikigonga mti kwa kona moja, boriti hugawa pigo upande wa kuume na wa kushoto wa chasi. Boriti ikiwa haipo, anayepokea pigo ni radiateri, na nyuma yake vantilateri na mikanda ya injini. Ajali ambayo ingeacha mkwaruzo inaacha injini inayochemka katikati ya msitu, na abiria wanalala njiani, mahali ambapo mwaka huu au mwaka mwingine si salama kulala. Kwa gari zenye mifuko ya hewa, vihisi vya ajali vya mbele hukaa jirani tu na hapo, na vilipimwa kwa gari iliyo kamili. Ukiondoa mbele yote, usitegemee tena kwamba mfuko utafunguka kwa wakati wake.

Halafu kuna jambo ambalo kila shofa wa Maniema anapaswa kulijua kuliko shofa wa Kinshasa: kuvutwa. Katika gari nyingi za namna hii, tundu la kufungia pete ya kuvutia liko kwenye boriti hiyo au kwenye ncha ya chasi inapofungwa. Ukishaitoa boriti, siku ya kunasa unafunga kamba wapi? Inafungwa kwenye mkono wa gurudumu, au kwenye chuma chembamba kinachobeba radiateri. Lori likivuta, chuma kinapinda, usukani unakwenda upande, au kipande kinakatika na kuruka kuelekea kwa watu wanaosukuma. Parashoki imetolewa kwa sababu ya tope, na tope ndipo mahali inapohitajika zaidi.

Nyuma kuna hatari ya kimya. Gari nyingi zina matundu ya kutolea hewa ya ndani yaliyofichwa nyuma ya parashoki ya nyuma, yenye vifuniko laini vya mpira. Parashoki ikiondoka, matundu hayo yanapigwa na tope na mawe, vifuniko vinachanika, na vumbi pamoja na moshi wa ekzosi hupata njia ya kuingia. Nani anakaa nyuma? Mara nyingi ni mama aliyepakata mtoto juu ya mizigo. Tena zile taa za kurudisha mwanga, vipande vyekundu visivyohitaji umeme, katika gari nyingi zimewekwa kwenye parashoki ya nyuma. Gari ikiharibika usiku katikati ya njia isiyo na taa hata moja, na vipande hivyo havipo, mwenye pikipiki anayekuja anaiona ameshafika.

Nani yuko njiani?

Hapa ndipo penye shina la mambo. Nyangwe ilikuwa soko kabla ya kuona gari hata moja. Watu walifika kwa miguu na kwa mitumbwi ya Lualaba, wakibeba samaki, vyungu, mihogo na kuku. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliokuwa chini ya wafanyabiashara walipiga risasi katikati ya soko hilo, mbele ya macho ya Livingstone, na wengi, wanawake hasa, walizama mtoni wakikimbia. Nyangwe inajua tangu zamani maana ya mtu wa sokoni kulipa gharama ya jambo asilolianzisha.

Leo njia bado ni ya miguu. Ni ya mama anayebeba mchele na mihogo kichwani. Ni ya kijana anayesukuma baiskeli yenye bidoni za mafuta ya mawese, baiskeli pana kuliko nusu ya njia. Ni ya watoto wa shule. Na ni ya familia zilizokimbia mapigano, za Salamabila na za upande wa Fizi, zilizofika na godoro, sufuria na mtoto mgongoni. Familia hizo zinatembea kuliko wenyeji: kutafuta maji, kutafuta kibarua shambani, kwenda kuandikishwa, kurudi kuangalia kama nyumba bado ipo. Mtu aliyebeba mzigo kichwani hawezi kuruka upesi. Mtu mgeni hajui kona ambayo gari hutokea ghafla. Na kando ya njia mara nyingi hakuna pa kukwepea, kuna mfereji na majani marefu.

Sasa iweke gari isiyo na uso kati yao. Haihitaji hata kwenda kasi. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, ncha ya chuma inaweza kunasa kitenge, ikashika usukani wa baiskeli, ikachana mguu pale ambapo plastiki ingesukuma tu. Jeraha ambalo lingekuwa uvimbe linakuwa mshono, tena mshono wenye kutu na tope ndani yake. Mwenye nyumba yake hapa atauza mbuzi alipie matibabu. Familia iliyokimbia haina mbuzi wa kuuza.

Na akishagongwa, atamshitaki nani? Namba ya mbele ya gari hufungwa kwenye parashoki. Parashoki ikitoka, namba hutupwa juu ya dashibodi, au chini ya kiti, au haipo kabisa. Watu watasema ilikuwa RAV4 nyeupe. RAV4 nyeupe ni ngapi? Gari isiyo na uso haina jina pia. Hilo peke yake lingetosha kuwaamsha wakubwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwenye barabara za dunia, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Yaani wengi wanaokufa ni wale wasio na chuma cha kuwakinga. Huku kwetu karibu kila mtu ni wa kundi hilo.

Bomba la kuchomelea si dawa

Wapo wanaojibu kwamba wametoa plastiki na kuweka kitu bora: bomba nene la chuma lililochomelewa mbele, parabufu ya kienyeji. Linapendeza macho na linasukuma majani. Lakini bomba lisilokubali kubonyea halili pigo, linalipitisha. Upande mmoja linalipeleka kwenye chasi, upande wa pili kwenye mwili wa mtu, na kwa mtoto linafika kifuani au kichwani. Huko Ulaya, sheria ya mwaka 2005 ililazimisha vyuma vya aina hiyo vipimwe kwanza kwa usalama wa waendao kwa miguu kabla ya kuuzwa. Waliokuwa na barabara nzuri waliona hatari yake. Kwenye njia ambayo watu na gari wanagusana mabega, hatari hiyo haiwezi kuwa ndogo.

Kama ni lazima kuitoa

Yapo majira ambayo ngozi ya mbele haiwezi kupita, na kumwambia shofa aiache ivunjike ni kumdhihaki. Basi itolewe kwa akili, na kitolewe kile tu kinachopaswa kutoka.

Mbele, fungua boneti. Vibanio vilivyo juu ya grili vina pini katikati: inua pini kwanza kwa bisibisi bapa, ndipo kibanio kitoke kizima. Wanaovuta kwa nguvu ndio wanaovikata, kisha wanasema parashoki hairudi. Geuza magurudumu, utoe skurubu zilizo ndani ya upinde wa kila gurudumu, halafu buloni za chini zinazoshika ngao ya tope. Kabla ya kuvuta, chomoa nyaya za taa za ukungu kama zipo. Watu wawili washike kona mbili, waivute kwanza kuelekea ubavuni ili ichomoke kwenye reli yake, ndipo ije mbele. Nyuma, fungua mlango wa mizigo na ufuate mpango ule ule; katika gari nyingine taa za nyuma lazima zitoke kwanza. Vibanio na skurubu zote zitiwe kwenye mfuko mmoja na kufungwa kwenye parashoki yenyewe, ili siku ya kuirudisha zisitafutwe.

Kinachotoka kiwe ngozi peke yake. Boriti ibaki mahali pake, mbele na nyuma, na buloni zake zikazwe. Povu libaki juu ya boriti, lifungwe kwa mpira wa chamba ya zamani. Ncha zote za chuma zifunikwe kwa vipande vya tairi. Namba ihamishiwe kwenye boriti, mahali inaposomeka. Vile vipande vyekundu vya nyuma vifungwe upya kwa skurubu mbili, kazi ya dakika kumi. Ngao ya tope ya chini irudishwe, la sivyo udongo utajaa kwenye radiateri na mikanda. Mvua zikipungua mwezi wa Juni, ngozi irudi. Imepasuka? Toboa matundu kando ya ufa, ishone kwa waya. Parashoki iliyoshonwa haina haya. Gari isiyo na parashoki ndiyo yenye haya.

Deni la njia

Baada ya kuwaambia mashofa, neno libaki kwa wenye njia. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliundwa mwaka 2008 ili pesa zinazokatwa kwenye mafuta na kwenye peaji zirudi kuwa mifereji, kokoto na madaraja. Kila lita inayofika Kasongo imebeba sehemu yake. Shofa wa Kabambare anapojaza tangi, amelipa njia mara ya kwanza. Njia ikimnyang'anya parashoki, ameilipa mara ya pili. Mpita njia akivunjwa mguu na chuma kilicho uchi, njia imelipwa mara ya tatu, na safari hii na mtu asiye na gari. Wanaosimamia pesa hizo, na wabunge waliotumwa na Kasongo na Kabambare, wana deni la kueleza hadharani, redioni, kilomita ngapi za kusini mwa Maniema zilitengenezwa na kwa kiasi gani. Mgongo wa udongo ulio katikati ya njia ndio unaong'oa parashoki kabla ya makanika.

Lakini deni la wakubwa halimpi mdogo ruhusa ya kumuumiza aliye mdogo zaidi. Chama cha mashofa, ACCO, kinaweza kuamua kesho kwamba gari isiyo na boriti na namba haipewi zamu ya kupakia. Mashirika yanayokodi jipu hizi kubeba wafanyakazi wao na dawa za watu waliohama yanaweza kuandika neno moja kwenye mkataba: parashoki, mbele na nyuma. Itakuwa aibu gari inayobeba msaada imchane mguu yule inayempelekea msaada. Wakubwa wa vijiji, mapadri, wachungaji na maimamu wanaweza kulisema siku ya Ijumaa na siku ya Jumapili.

Polisi wa barabarani nao waambiwe wazi: hili lisigeuzwe bariyeri mpya. Shofa asitozwe franka elfu kadhaa bila risiti kisha akaachwa aendelee na meno yake wazi. Hiyo ni kuuza ruhusa ya kuumiza watu. Apewe siku, aonyeshwe kinachokosekana, arudi akiwa amefunga.

Na wewe abiria, baba, mama, kijana, una nguvu kuliko unavyodhani, maana wewe ndiye unayeshika nauli. Kabla ya kupanda, zunguka gari mara moja. Mbele, gusa: kuna boriti? Nyuma, tazama: kuna kitu chekundu cha kuonekana usiku? Namba inasomeka? Kama hakuna, toa mzigo wako, panda nyingine. Gari tatu zikiondoka tupu kwa sababu hiyo, ya nne itakuja na uso wake.